Ndege Ambayo Fundi Wetu Haruhusiwi Kuifungua

Baba yangu alikuwa fundi wa ndege za kivita kwa miaka mingi kuliko ile aliyoishi nasi nyumbani. Alipostaafu alirudi Naitiri akalima mahindi na kufuga ng'ombe wawili. Kutoka jeshini alileta pensheni, koti la buluu lenye vifungo vya shaba, na sikio la kushoto lisilosikia kitu. Injini zilikuwa zimelila. Kwa hiyo alipokuja kukaa kwangu Bungoma mjini ili nimpeleke kliniki ya macho, redio yake ilisikika hadi kona ya msikitini.

Redio hiyo ndiyo iliyonifanya nizichukie ndege mpya za serikali kabla sijaziona. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka huo vyoo vya wasichana shuleni kwetu vilikuwa vimejaa hadi funza wakawa wanatambaa mlangoni, na wasichana wakubwa walikuwa wanajizuia tangu asubuhi hadi waende nyumbani. Tuliandika barua, tukajibiwa kwamba hakuna fungu. Tukaandika nyingine, tukajibiwa tungoje. Narudi nyumbani harufu ile ingali puani, nakuta mtangazaji anasema kwa sauti ya harusi kwamba nchi inanunua ndege mpya za kivita, za kisasa kabisa, na anataja bei yake kwa mabilioni. Nilikuwa napita moja kwa moja kwenda kuoga.

Baba alizitetea. Alisema nchi isiyo na ndege ni boma lisilo na mbwa. Aliyekuwa akibishana naye ni jirani yangu, Mwislamu mmoja mwenye duka la spea za pikipiki mkabala na msikiti. Baba alimwita Haji ingawa hakuwa amewahi kufika Makka, na yeye akimwita Baba kwa jina la Mzee. Baada ya swala ya alasiri alikuwa akija kuketi barazani kwangu, na mimi nawapa chai.

"Mzee, mimi nauza plagi na bearing," alimwambia siku moja. "Mtu akinunua pikipiki leo, wiki ijayo yuko kwangu. Sasa hii ndege, duka ya spea iko wapi?"

Baba alimjibu kwamba jeshi lina stoo yake na lina mafundi wake. Akaanza kueleza jinsi wao walivyokuwa wakishusha injini nzima, wakiitandaza kwenye turubai safi, kila boliti na mahali pake, na jinsi walivyowahi kuchonga kipande wenyewe kwa sababu cha kuagizwa kilikuwa kimechelewa, na ndege ikaruka. Macho yake mabovu yalikuwa yaking'aa akisimulia. Haji hakuendelea kumpinga. Alimheshimu sana fundi yeyote.

Kisha ikatangazwa kwamba ndege hizo zingeletwa uwanja wa ndege wa Kitale, wananchi wazione kwa macho yao. Nadhani serikali iliona watu wamenung'unika sana. Baba aliniomba nimpeleke. Sikutaka, lakini huwezi kumkatalia mzee kitu kama hicho, na Haji alijitolea kutubeba kwa pikapu yake kwa kuwa alikuwa na mzigo wa kuchukua Kitale. Asubuhi hiyo Baba alivaa lile koti la buluu. Alikuwa amelipiga pasi mwenyewe.

Tulipokaribia tulikuta askari wameshafukuza wanawake wanaouza kando ya barabara. Wengi wao ni watu wa Kipsongo, mtaa wa mabanda, wanaoishi kwa kibarua na kwa nyanya za kupanga mafungu. Mahali pao palikuwa pamewekwa hema jeupe la wageni, lenye viti vilivyovishwa vitambaa na chupa za maji juu ya kila kiti. Mama mmoja alikuwa akiokota nyanya zake matopeni, anazifuta kwa leso moja moja, zile zilizopasuka anazitupa. Nilimuuliza ni nani aliyemfanyia hivyo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mvua.

"Ni selikali," akasema. "Ati wageni wasituone."

Nilinunua nyanya ambazo sikuzihitaji, Haji akaenda kuchukua mzigo wake, mimi na Baba tukaingia.

Ndege zilikuwa mbili, za kijivu, na siwezi kusema uongo, zilikuwa nzuri. Watu walisimama nyuma ya kamba wakipiga picha. Nyuma yangu walikuwepo vijana waliokuwa wanapiga hesabu kwa vidole, ndege moja ni barabara ngapi, ni hospitali ngapi, ni karo ya watoto wangapi, na kila mmoja alikuwa na jibu lake. Walikuwa wanacheka, lakini si kicheko cha furaha. Mwanamume mmoja aliyebeba mtoto alisema kwamba kule kwao Saboti hakuna hata gari la wagonjwa, mtu akizidiwa anabebwa kwa pikipiki, katikati ya wawili, kama gunia.

Baba alimwendea mwanajeshi mmoja kijana aliyekuwa amesimama karibu na kamba, akamwambia alikuwa nani na alifanya kazi wapi. Yule kijana alisimama wima, akampigia saluti, akamwamkia shikamoo, kisha akainua kamba. Tuliruhusiwa kupita sisi wawili. Baba alitembea polepole hadi kwenye ubavu wa ndege, akaweka kiganja chake juu ya lile bati kama mtu anayepapasa ng'ombe kujua kama ana homa. Nilimwona meno yake yakionekana, anatabasamu peke yake.

Kisha akauliza mahali pa kufungulia injini.

Kijana alimwonyesha. Palikuwa na mfuniko, na juu ya mfuniko vibandiko vidogo vyekundu vyenye maandishi. Baba hakuweza kuyasoma, kwa hiyo nilimsomea. Yalisema asiyeruhusiwa asifungue.

"Nani anaruhusiwa?" Baba akauliza.

"Wenyewe, mzee."

"Wenyewe ni nani?"

"Wale waliotuuzia. Ikileta shida tunawapigia, wanakuja. Sisi tunaosha, tunajaza mafuta, tunabadilisha matairi."

Baba alisogeza sikio lake zima, akamwomba arudie, na kijana akarudia. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na nikaona kwamba ameona aibu.

"Na wewe kazi yako ni nini?" Baba akamuuliza.

"Fundi wa injini, mzee. Nimesomea miaka minne."

Baba alitoa mkono wake kwenye ile ndege, akaufuta kwenye suruali, akamshukuru kijana, tukarudi nyuma ya kamba. Ndege ziliporuka, kelele ilipasua anga na watu wakapiga mbinja. Vumbi lilitufunika sote, isipokuwa wale wa hemani, maana upande wao palikuwa pamemwagwa maji tangu alfajiri. Baba hakutazama juu. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Njiani Haji, ambaye hakuwa ameingia, alijaribu kumwuliza Baba zilikuwaje, kisha akaona uso wake, akarudisha macho barabarani. Tulipofika nyumbani Baba alivua koti, akaketi barazani, akaniambia kwamba maisha yake yote alidhani aibu kubwa ya fundi ni ndege kuanguka.

"Kumbe kuna nyingine," akasema. "Kumfundisha mtoto kazi miaka minne, halafu umpe kitambaa apanguse mali ya mtu."

Usiku ule redio haikuwashwa, na nikalala vizuri, na nikajionea haya kwa kulala vizuri.

Wiki chache baadaye uliitishwa mkutano wa kutoa maoni ya umma kuhusu bajeti, katika ukumbi mmoja hapa Bungoma. Baba alisema atakwenda. Nilimsihi asiende. Alinijibu kwamba yeye si mwanasiasa, ana swali moja tu la ufundi.

Ukumbi ulijaa. Ofisa aliyetumwa alikuwa mtu nadhifu mwenye projekta, akatuonyesha picha za zile ndege zikiwa mawinguni. Alisema wanaolalamikia gharama hawaelewi mambo ya usalama, na wengine wanatumiwa na maadui. Mwanamke mmoja aliuliza kuhusu dawa za zahanati ya kwao. Ofisa alimwambia hilo ni fungu lingine. Nilijua jibu hilo. Nilihisi ile harufu ya choo cha shule ikinipanda kooni, humo ukumbini, katikati ya watu waliojipaka manukato.

Baba aliinua mkono, akapewa kipaza sauti. Alijitambulisha, akataja miaka yake ya kazi, kisha akauliza: ikiwa mafundi wetu hawaruhusiwi kuifungua ndege, je, ile bei inayotajwa ni ya kununua tu, au ni pamoja na ya kuwaita wenyewe kila inapoharibika? Na kama ni ya kununua tu, hiyo nyingine ni kiasi gani, na tutailipa hadi lini?

Ofisa alitabasamu. "Mzee, tunakushukuru kwa huduma yako kwa taifa, lakini mambo ya usalama hayajadiliwi hadharani. Keti."

Ofisa alikuwa amesimama upande wa kushoto wa Baba. Baba hakumsikia. Aliendelea kueleza, taratibu, jinsi injini inavyochakaa na kwa nini kuna vipande ambavyo lazima vibadilishwe hata kama ndege haijaruka. Ofisa alirudia kumwambia aketi. Watu wakaanza kucheka, na mwanzoni nilidhani wanamcheka Baba, nikataka kulia; kumbe walikuwa wakimcheka ofisa. Kisha kipaza sauti kikazimwa.

Baba alikitazama, akakigongagonga, akakiweka chini. Halafu akaendelea bila hicho. Sauti yake ilizoea kuzungumza juu ya mngurumo, kwa hiyo ilifika hadi kwa waliokaa nje madirishani. Alimaliza maelezo yake yote, akarudia swali lake, akaketi. Ukumbi ulipiga makofi kwa muda mrefu. Ofisa aliangalia saa yake, akasema maoni yamepokelewa, akaenda kwenye picha inayofuata.

Mtu alikuwa amerekodi. Kufikia jioni Baba alikuwa kwenye simu za watu wote. Haji alicheza ile video dukani kwake hadi wateja wakaikariri. Vijana waliniita mtaani wakisema ati baba yako ni noma, bana. Lakini Baba mwenyewe hakufurahi, kwa sababu wenzake, wale wazee waliostaafu pamoja naye, walimpigia simu mmoja baada ya mwingine. Alisikiliza kwa sikio la kulia na nikaona mabega yake yakishuka. Walimwambia amelivunjia heshima gwanda. Mmoja alimwambia kwamba askari hata akistaafu haulizi maswali mbele ya raia. Akatolewa kwenye kundi lao la simu. Alinipa ile simu niangalie kama ni kweli, maana alidhani ni macho yake, na ilikuwa kweli.

Bajeti ilipita. Sikumbuki kama kuna aliyeshangaa.

Baba alirudi Naitiri macho yake yalipopata nafuu. Mwezi wa pili baada ya hapo, mmoja wa wale wenzake alifariki, na mazishi yakawa Saboti, kwao marehemu. Nilidhani Baba hataenda. Alinipigia simu niombe ruhusa shuleni nimsindikize.

Tulipofika, wazee wenzake walikuwa wameketi safu moja chini ya turubai, na makoti yao ya buluu. Kulikuwa na nafasi katika safu hiyo. Hakuna aliyesogea, hakuna aliyemwita. Baba aliwaamkia wote kwa mkono, wakampa mkono, kisha akaja kuketi nami upande wa akina mama. Nilikuwa na hasira hadi chakula kikanishinda. Yeye alikula.

Watu walipoanza kutawanyika, mmoja wa wale wazee alikuja polepole na fimbo yake, akaangalia nyuma kwanza. Alikuwa mkubwa wa Baba kazini. Nilimjua tangu utotoni. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu yetu.

"Ulisema kweli," akamwambia Baba. "Sisi wote tunajua. Mimi nilijua hata kabla yako. Lakini ungenyamaza tu, ndugu yangu. Hiyo si vita yetu tena."

Baba alimwuliza alijua tangu lini.

Mzee alimtajia. Ilikuwa kabla ya ile siku ya Kitale, kabla hata ya redio kuanza kusema. Mjukuu wake alikuwa kazini jeshini na ndiye aliyemweleza.

Nilimtazama yule mzee, koti lake safi, vifungo vinavyong'aa, mikono yake mizuri ya fundi imekunjwa juu ya fimbo, na kinyaa kilichonishika pale sijawahi kukisikia mbele ya choo chochote. Ofisa yule wa projekta nilikuwa nimemwelewa, alilipwa aseme. Huyu hakuwa amelipwa na mtu.

Nilifungua mdomo. Baba alinigusa goti.

"Asante kwa kuniambia," akamjibu mwenzake. Kisha akainuka, akaenda kunawa mikono kwenye jerikeni lililokuwa limefungwa kwenye mti, akamuaga mjane kwa maneno marefu ya heshima, na akaniambia twende, maana ng'ombe mmoja alikuwa karibu kuzaa na hakutaka azae peke yake.