Udongo wa Mama Sebuleni Membley

Mbinya alikuwa mtu wa hasira za karibu, na hakuficha. Katika kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Thika, ukimruka kwenye foleni ya chai ungeyasikia yako. Lakini nyumbani kwake, mtaa wa Landless, alikuwa na tangi la samaki lenye mimea, na mbele ya kile kioo sauti yake ilishuka yenyewe.

Udongo maalumu wa madukani hakuuweza bei, kwa hiyo alitumia udongo wa shamba. Aliuchimba kwa mama yake Kilimambogo, kando ya sukuma wiki, mahali pasipotiwa mbolea. Aliuchekecha kwa chekeche la unga, akatoa mizizi na vijiti, akautandaza chini ndani ya tangi na kuufunika kwa mchanga uliooshwa vizuri. Kisha akamimina maji polepole juu ya sahani aliyoilaza mchangani ili udongo usitibuke. Mwanzoni maji yalikuwa rangi ya chai. Aliyabadilisha mara kwa mara mpaka yakatulia na mimea ikashika.

Dada yake mkubwa, Carolyne, aliyekuwa akiishi Membley, mtaa wa wenye pesa, aliliona tangi hilo akalitamani.

"Nitengenezee kama hili, Mbinya. Sebule yangu imepooza."

Mbinya akabeba gunia la udongo kutoka kwa mama hadi Membley, akabishana na askari wa geti aliyetaka kujua anapeleka wapi udongo, akaipiga ile kazi, akatia na samaki wachache wa kwake. Mimea ikanawiri hata kuliko ya kwake.

Jumapili moja Carolyne alikaribisha akina mama wa kanisa. Mbinya alikuwa jikoni akisukuma chapati, mlango wazi, alipomsikia mgeni mmoja, Viola, akishangaa.

"Caro, hii garden ya majini ni safi! Nani alikutengenezea?"

"Kuna kampuni moja ya Nairobi," Carolyne akajibu. "Hata huo udongo ni wa kuagizwa kutoka ng'ambo."

Mbinya akatoka jikoni na unga mikononi.

"Kampuni gani, Caro?"

Carolyne akacheka kidogo. "Huyu mdogo wangu anapenda mzaha."

Kicheko kile ndicho kilichomwasha. "Mzaha gani? Huo ni udongo wa mama! Wa pale kwa sukuma! Nimeubeba na mgongo huu!"

Carolyne akamvuta hadi kwenye veranda. "Ungeninyamazia tu. Unanitia aibu mbele ya watu."

"Aibu ya nini? Ya udongo, ama yangu?"

Carolyne akatazama magari yaliyoegeshwa. Mbinya akaondoka na ule unga mikononi, chapati zikiungua.

Wiki iliyofuata akapata ujumbe wa Carolyne kwenye simu: njoo uchukue samaki wako. Alipofika, Carolyne hakuwepo. Msichana wa kazi alimfungulia, macho chini. Tangini mlikuwa na mawe ya buluu na mimea ya plastiki. Samaki walikuwa kwenye ndoo, wakihema juu ya maji. Nje, kando ya pipa la taka, mimea ilikuwa imetupwa pamoja na udongo wake, imekauka ikashikana na lami. Mbinya akalipiga lile pipa la taka teke, kisha akapiga magoti akajaribu kuokota mizizi. Ilimvunjikia vidoleni. Hapo ndipo alipolia, na kulia kukamwongezea hasira.

Mama akapiga simu jioni. "Mtapatana lini na dada yako?"

"Mwaitu, usiniambie nipatane. Hakunionea haya mimi. Alikuonea haya wewe."

"Najua," Mama akasema. "Mimi si mtoto."

Mbinya hakukanyaga Membley tena. Pasaka ilipokaribia, Carolyne akaja Landless mwenyewe na keki mkononi. Akakaa, akalitazama tangi la mdogo wake, majani yakiwa yamejaa hadi juu.

"Lako limependeza sana," akasema kwa upole. "Mawe yangu yameota ukoko wa kijani. Ningetaka unirudishie lile la kwanza."

"Utamwambia Viola ni nani aliyelitengeneza?"

Carolyne akaigeuzageuza ile keki mapajani.

"Basi," Mbinya akasema, akamfungulia mlango. "Siku utakayolijua jibu, udongo utaupata kwa mama. Uende ukauchimbe mwenyewe."