Karatasi Iliyobandikwa Kwenye Kifaru

Maji yalikuwa yameshafunika viatu vyangu ndani ya gari bosi aliponipa karatasi na kusema, "Soma upesi."

Nilikuwa sijui kusoma.

Na yeye hakujua hilo. Miaka sita nilikuwa dereva wake, miaka sita nilimficha.

Ngoja nianze na gari lenyewe.

Bosi wangu ni mkandarasi wa visima. Mwili wake ni wa watu wawili, mdomo wake wa watu watatu. Mwaka ule alinunua pikapu, na si ile ya kubebea saruji. Matairi yalinifika kiunoni. Shokapu nene kama mkono wangu. Injini ya nguvu ya farasi mia nne. Ukigusa mafuta kidogo tu, mgongo unabandikwa kwenye kiti.

Tukaliita Kifaru.

Sitasema uongo, nililipenda. Nililiosha kila asubuhi kabla ya sala zangu, na Mungu anisamehe, siku nyingine nililiosha badala ya sala.

Muuzaji alibandika karatasi juu ya kioo cha mbele. "Mkikwama, kila kitu nimewaandikia hapa."

Bosi akanitazama. Mimi nikamtazama bosi. Wote tukatikisa vichwa kukubali.

Siku ya tukio tulikuwa tunakwenda kukagua kisima. Njiani tukafika kwenye korongo. Lori la maji lilikuwa limesimama ukingoni, na dereva wake akatupungia mkono tusipite. Huko juu mvua ilikuwa imenyesha.

"Mwambie hilo lake ni lori," bosi akasema. "Hili ni Kifaru."

Ningeweza kukataa. Sikukataa, kwa sababu na mimi nilitaka kuona.

Tukashuka kwa madaha. Katikati, mchanga ukatumeza hadi chini ya milango. Njia ya kuvukia ilikuwa nyembamba, kingo zikabana milango pande zote mbili. Nikakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka bure, tukazidi kuzama.

Kisha maji yakaanza kupenya miguuni.

Mimi ni mwembamba, dirishani napita. Bosi hapiti hata ukimpaka sabuni. Na yeye alilijua hilo, maana alinishika shati.

"Dereva, usiniache humu."

"Siendi popote, bosi."

Ndipo alipobandua ile karatasi. "Soma upesi."

"Soma wewe, bosi. Mimi nimeshika usukani."

"Sina miwani."

"Jua linanipiga machoni."

"Jua gani, na mawingu yote haya?"

Nikafumba macho. Kwa miezi minne nilikuwa nakwenda darasa la jioni kwa siri, mke wangu peke yake akijua. Nina miaka arobaini na saba. Mwalimu ndiyo kwanza alikuwa amenifikisha kwenye silabi.

Nikaomba: Baba, niepushe na aibu hii.

Sikusikia kitu ila maji. Nikaona nimeomba vibaya. Mtu ananing'ang'ania shati, mimi naombea sura yangu.

"Bosi, nilikudanganya. Sijui kusoma. Najifunza darasa la jioni. Nitasoma kama mtoto, univumilie."

Akanisogezea karatasi.

"A-cha... ku-ka-nya-ga... ma-fu-ta."

Nikaacha.

"We-ka... gi-a... hu-ru. Zu-ngu-sha... ki-tu-fe... che-ku-ndu. Su-bi-ri... ta-a... i-wa-ke."

Maji yakafika kwenye ugoko. Taa ikawaka. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno moja lililonishinda mara tatu. Bosi alikuwa ameinamia karatasi, midomo yake ikifuata yangu.

"O-ndo-ka... ta-ra... ta-ra-ti..."

"Taratibu," akasema.

Nikaingiza gia, nikagusa mafuta taratibu. Kifaru akatetemeka, akauma mchanga, akapanda. Tulipofika juu, nyuma yetu korongo lilikuwa limejaa hadi pale milango ilipobanwa.

"Zima gari," bosi akasema.

Nikajua kazi imeisha. Nikachomoa ufunguo, nikamkabidhi.

Hakuupokea. Alitia mkono kwenye mfuko wa shati kutafuta kitambaa cha kujifuta uso. Kikatoka na miwani, ikamwangukia mapajani.

Tukaitazama sote wawili.

"Hii naivaa kwenye mikutano," akasema polepole. "Karatasi zote ananisomea mke wangu nyumbani."

Nikaiokota, nikamrudishia.

"Hilo darasa lenu linaanza saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na mbili jioni, bosi."

"Viti vyao vitanibeba?"

"Kuna benchi."

Leo tunakaa benchi moja. Garini yeye ni bosi, darasani ananiita kaka mkubwa, na akikwama kwenye neno ananishika shati vilevile.

Ndugu yangu unayesoma hapa, farasi mia nne walituingiza shimoni kwa dakika moja. Tulitoka silabi kwa silabi. Kama kuna jambo unalificha, liseme leo, ungali nchi kavu.