Nilivyotengeneza kitamu cha zambarau kwenye harusi Kahama mwaka 1983, balozi akadhani ni magendo

Wakuu, heshima kwenu. Na nyie wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Naona humu vijana mnabandika picha za vitamu vya tabaka kwenye bilauri. Biskuti chini, maziwa mazito katikati, matunda juu, hakuna kuoka. Eti mmejifunza mtandaoni juzi. Vizuri sana, endeleeni.

Mimi nilikitengeneza hicho kitu Kahama mwaka 1983, bila friji, bila biskuti, bila punje ya sukari. Chumvi niliweka kwenye zambarau tu, kwenye uzi huu sijaweka. Kaeni niwasimulie.

Shida ilinianza mwaka 1966, nina miaka kumi. Baba alikuwa muosha vyombo kwenye klabu ya wakubwa wa mgodi wa dhahabu kule Geita. Mgodi ukafungwa, baba akarudi nyumbani na shati lake tu, mimi nikatolewa darasa la pili nikachunge ng'ombe za watu.

Kabla ya hapo baba aliwahi kuniletea mabaki kwenye kikombe. Chini kitu cha kutafuna, katikati maziwa mazito, juu tunda jekundu la kwenye kopo. Nilikula kwa kidole. Ladha ile haikunitoka.

Nimelima tumbaku ya watu Ushetu mpaka kucha zikawa nyeusi. Mwaka 1979 nikaingia Kahama mjini, nikapata kazi kwa Mama Zena, mwenye mgahawa pale Nyahanga. Wazazi wake walitokea Tabora, Waislamu, watu wa biashara. Kazi yangu kuosha masufuria na kusuka maziwa, na kulala nilikuwa nalala hapo hapo jikoni kwenye mkeka.

Mpishi wake, Mama Kulwa, Msukuma mwenzangu, alikuwa hanipi raha. Kwetu maziwa husukwa na wanawake. Kila akinikuta na kibuyu anasema, "Shija, ukimaliza hapo uje unisuke na nywele."

Nilikuwa naendelea kusuka. Tumbo halina aibu.

Sasa mwaka ule wa 1983, mtoto wa Mama Zena akachumbiwa na kijana wa Nkome, watu wa ziwani, wauza dagaa. Wakaja wazee wao kupanga siku. Kiongozi wa maneno alikuwa shangazi wa kijana, Bi Hadija. Huyo mama alikuwa akikohoa tu watu wanakaa sawa.

Akauliza, "Na keki itakuwepo? Sisi harusi yetu ya mwisho ilikuwa na keki."

Vijana hamjui, mwaka ule maduka yalikuwa matupu. Sukari mgawo, unga wa ngano hadithi. Biskuti ulikuwa unaona boksi lake tu, mtu kahifadhia misumari.

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. Maneno yakanitoka. "Mama, kutakuwa na kitu kuliko keki."

Bi Hadija akanitazama kuanzia miguuni. "Huyu nani?"

Nikasema, "Mtengenezaji."

Wageni walipoondoka Mama Zena hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema, "Umeahidi watu kitu ambacho mimi sikijui. Siku ya harusi kisipokuwepo, au kikinitia aibu, unakunja mkeka wako unarudi kwenu kuchunga."

Wakuu, kwetu nilikuwa nimeapa sirudi mikono mitupu. Kwa hiyo hapo nilikuwa nacheza na maisha yangu yote.

Nikapiga hesabu ya kile kikombe cha baba. Tunda jekundu sina, lakini ulikuwa mwezi wa kumi na mbili, jua kali mvua bado haijakaza, na zambarau zilikuwa zinadondoka mpaka zinapaka rangi njia. Maziwa ninayo. Cha kutafuna ndiyo sina.

Nikamuona Mama Kulwa anatafuna michembe. Kwa wasiojua, ni viazi vitamu vinakatwa vipande vinaanikwa vikauke kama mbao, vinatunzwa kwa ajili ya wakati wa njaa. Nikasema, biskuti si hizi hapa.

Jaribio la kwanza nilitwanga michembe mibichi. Mama Kulwa alionja, akatema kwenye kiganja. "Shija, hii ni kokoto ya barabara."

Jaribio la pili nikaikaanga kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka ikawa rangi ya kahawia na kunukia. Hapo ikatwangika vizuri. Lakini nikamwagia mtindi ulivyo, una maji, na baada ya muda mfupi nina uji wa zambarau. Mama Kulwa akauliza kama ni dawa ya kuku.

Jaribio la tatu ndipo akili ikakaa. Sikilizeni hapa maana ndiyo siri yenyewe.

Mtindi niliufunga kwenye kitambaa cheupe safi nikauning'iniza tangu jioni mpaka asubuhi. Maji yote yakatoka, ikabaki kitu kizito unakata kwa kijiko.

Michembe iliyotwangwa nikaichanganya na samli na asali ya Ushetu. Unaikandamiza kwenye bilauri kwa mpini wa mwiko, inashikana.

Zambarau nikatoa kokwa, nikachemsha na asali na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, mpaka ikawa nzito. Ukila mbichi zinakausha ulimi, lakini ukizipika na asali hiyo hali inaisha.

Unapanga: michembe, mtindi, zambarau. Halafu unarudia. Bilauri unazichomeka kwenye mchanga uliolowa maji, kivulini, juu unafunika gunia bichi. Friji yangu ilikuwa hiyo.

Nikampelekea Mama Zena. Akala kijiko kimoja, akasema, "Maziwa yananuka moshi."

Mimi sikusikia moshi wowote. Kwetu kibuyu kisipofukizwa moshi ni kichafu, nimekua na hiyo harufu, pua yangu haiioni. Ikabidi yakamuliwe maziwa mengine moja kwa moja kwenye ndoo ya bati, niyagandishe humo. Akaonja tena. Safari hii alimaliza.

Kisha akauliza, "Chini humu ni nini?"

Nikamwambia. Akaweka kijiko chini. "Michembe? Shija, wakwe wakijua tumewalisha chakula cha njaa, binti yangu atasemwa mpaka azeeke. Hilo neno lisitoke mdomoni mwako."

Nikakubali.

Siku ya harusi tuliazima bilauri mtaa mzima. Kila mama aliweka alama ya rangi chini ya bilauri zake zisije zikapotea. Pilau ikaliwa, nyama ikaliwa, halafu nikatoka na masinia.

Wakuu, ua mzima uligeuka kutazama. Kioo kinaonyesha kila kitu, kahawia, nyeupe, zambarau, kahawia tena. Watu walikuwa hawajawahi kuona chakula kimepangwa mistari. Wakaanza kula, nikaona vijiko vinakwenda mbio. Mzee mmoja wa Nkome alikuwa anakwangua kwa kidole. Mimi kifua hicho.

Ndipo akasimama balozi wa nyumba kumi. Naye alikuwa mgeni, ameshakula ya kwake. Akainua bilauri juani akaikagua.

"Mama Zena. Biskuti hizi zimetoka wapi?"

Siku zile kulikuwa na msako wa magendo. Mtu akikutwa na katoni ya sukari stoo, anachukuliwa. Watu wakaweka bilauri chini taratibu. Mmoja aliisukuma ya kwake chini ya benchi kwa mguu.

Bi Hadija akaongezea petroli. "Na sukari je? Sisi Nkome chai tunakunywa na chumvi, nyie mnayo ya kuchezea?"

Mama Zena akanitazama. Nikaona njia ziko mbili tu. Nikinyamaza, ni magendo, anakwenda kulala ndani siku ya harusi ya mwanawe. Nikisema, ni njaa, na mimi nakunja mkeka.

Nikaingia jikoni nikarudi na kinu, kikapu cha michembe iliyokwisha kukaangwa na debe la asali. Nikaweka mbele ya balozi.

"Mzee, biskuti zenyewe hizi."

Akachukua kipande akatafuna. Akatafuna sana. Mama Zena alijifunika uso kwa khanga.

Bi Hadija akasema, "Michembe? Kwenye harusi ya mtoto wetu?"

"Ndiyo mama. Na bilauri yako umeshaimaliza."

Alicheka kwanza Mama Kulwa, kule nyuma kwenye moshi. Kicheko chake kikabeba ua mzima.

Balozi akasema, "Twanga nione." Nikatwanga palepale kwenye nguo zangu nzuri. Nikachanganya, nikakandamiza, nikapanga mistari kwa mtindi na zambarau zilizobaki jikoni, watu wamenizunguka kama wanaangalia ngoma. Nikampa Bi Hadija bilauri ile. Aliishika akaitazama, akasema, "Hii nampelekea bwana harusi mwenyewe." Bwana harusi ilimfikia nusu.

Kabla hawajaondoka aliniita pembeni akataka nimwelekeze namna ya kukausha mtindi. Kidole chake bado kina rangi.

Jioni ile Mama Zena aliniambia maneno machache. "Jumatatu masufuria ataosha mwingine. Wewe utakaa mbele, uuze hicho kitu chako kwa jina lake. Sema michembe."

Niliuza. Watu wa machimbo walikuwa wanatoka mashimoni na vumbi lao wanaulizia "ile ya mistari". Mama Kulwa hakuacha kunitania, lakini kukaanga michembe alikuwa anakaanga yeye, hataki mtu mwingine aguse.

Nilichojifunza ni hiki, na sizungushi. Usionee haya chakula cha kwenu. Mtu akikidharau mpe kijiko kwanza, mengine mtaongea baadaye. Na ukitengeneza cha tabaka, kausha mtindi wako, wengi humu naona mnaharakisha ndiyo maana vinawaharibikia.

Anayebisha abishe hapo chini, lakini awe amejaribu kwanza. Na anayejua tunda jingine la kwao linalofaa aliseme, nataka kujua watu wa Rukwa na Songea mngeweka nini. Maswali nitajibu polepole, macho siyo ya zamani.

Leo, kwa jasho langu, nina mgahawa Nyahanga wenye meza kumi na mbili. Nyumba mbili za matofali ya kuchoma. Ng'ombe thelathini na nne. Friji tatu. Shamba la viazi vitamu Ushetu. Na miti sita ya zambarau niliyoipanda mwenyewe, ukitaka kuchuma piga hodi.