Jiwe la Orsola Lililofika Krakow

Bortolo Zanchi, mtengeneza dawa wa mjini Verona, alifariki kwa homa, lakini barua zake hazikukoma kuja. Zilitoka Leiden, Praha na Krakow. Enzi zile waganga na wapenzi wa mimea walitumiana mbegu na mizizi kama majirani wanavyoombana chumvi, ingawa wengi hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Sasa barua zilifunguliwa na Orsola, mjane wake. Kazi hiyo hakuianza jana. Bortolo akiandika, yeye ndiye aliyeshona vifuko vya mbegu, akafungasha, akaotesha vilivyoletwa.

Shemeji yake, Gaspare, alikuja hata matanga hayajapoa.

"Shemeji, mambo ya majani yamekwisha. Pale nyuma tujenge banda la nguruwe."

"Bustani ile ilinunuliwa kwa mali niliyotoka nayo kwa baba yangu," Orsola akamjibu. "Nguruwe wako wafugie chumbani kwako."

"Na hao mabwana wakubwa utawaandikia nini, wewe mwanamke?"

"Kwamba Bortolo amefariki, na bustani iko hai."

Akawaandikia hivyo hivyo, kwa jina lake. Leiden kimya. Praha wakatuma pole bila hata punje ya mbegu. Ni Daktari Zaremba wa Krakow peke yake aliyejibu kama mtu anayeongea na mtu. Alisoma Padua ujanani, Kiitaliano alikijua. Alimlilia Bortolo, kisha akaomba: kuna ua lenye makucha ya zambarau, huota katika nyufa za majabali ya Monte Baldo, mlima ulio karibu na Verona. Bortolo alimtumia mara mbili, likafika limekufa. "Nisaidie, Bibi, kabla sijazeeka."

Orsola akapanda mlima na Menega, mchunga mbuzi waliyejuana tangu usichana. Ua wakaliona, limejibana jabalini.

"Haya, ling'oe twende," Menega akasema.

Orsola akachungulia ufa. Mzizi ulikuwa mwembamba kama uzi, umezama ndani kabisa. Ukivutwa, unakatika.

"Siling'oi. Nalichukua na nyumba yake."

Kesho yake alirudi na nyundo na patasi alizoazima kwa mchonga mawe. Menega alicheka hadi akakaa chini. "Mwenzangu, watu watasema umefiwa na mume, ukafiwa na akili pia!"

"Waache waseme. Wewe nishike sketi nisianguke."

Menega akashika. Orsola akagonga taratibu, vumbi likimwingia machoni, na mara moja mguu ukamteleza, Menega akaivuta sketi kwa nguvu. Jioni jiwe likabanduka, kubwa kama mkate, ua likiwa juu yake zima. Wakalifunika kwa majani mabichi na kitani chenye maji.

Mchukuzi wa mizigo ya ng'ambo ya milima ya Alpi alilipima mkononi, akanuna. "Jiwe? Kwani huko Krakow wameishiwa mawe?"

"Wanayo tele. Hili lina mpangaji. Mnyweshe maji kila mnapolala."

Majira ya baridi yakapita bila habari. Kila walipokula pamoja, Gaspare aliuliza kama lile jiwe limeshazaa watoto. Orsola alimwongezea supu, akaendelea kupalilia bustani yake. Usiku, akiwa peke yake, alikuwa na wasiwasi kidogo, lakini kujuta hakujuta.

Kiangazi kilichofuata sanduku likafika kutoka Krakow, pamoja na barua. Ua lilikuwa limechanua dirishani kwa Zaremba, na walimu wa chuo walipanga foleni nyumbani kwake kulitazama. Ndani ya sanduku mlikuwa na vitunguu vya maua kutoka nchi ya Waturuki, vikubwa kama ngumi, vinanuka kama mbweha. Majirani walikuja kuuliza nani kafa. Orsola akavifukia, na msimu wa machipuo yakatoka maua ya rangi ya chungwa, yameinama kama kengele. Majirani wale wale wakaja kuomba mbegu.

Zaremba aliwasimulia wenzake, nao wakaanza kumwandikia: Leiden, Praha, hata Lisbon. Orsola aliwajibu wote, bila kinyongo.

Miaka baadaye, bwana mmoja wa Praha, joho jeusi hadi vifundoni, alibisha hodi. Alikuwa amesafiri kuja kumwona "yule Bibi wa Verona", na hotuba ya salamu ameikariri njia nzima. Orsola alimfungulia, mikono imejaa udongo.

"Karibu, bwana. Hotuba baadaye. Vua joho hilo, kuna mashimo ya kuchimba."