Uso wa Mjomba Gazetini

Chumba cha kufulia cha jengo letu kule Farsta, Sweden, kilinuka sabuni ya unga, mvuke na wino. Sabuni na mvuke vilikuwa vya wapangaji wote. Wino ulikuwa wa Mjomba Hamza. Katika majengo yale kila familia ilikuwa na zamu yake ya kufua, ikijulikana kwa kufuli dogo lililotundikwa kwenye ubao wa mlangoni, na zamu ya mtu iliheshimiwa kuliko dini yake. Mama alimpa mdogo wake huyo nusu ya zamu yetu. Mashuka yetu yakizunguka ndani ya mashine, Mjomba na wenzake wa kikundi walichapa mabango na kuyaanika kwenye kamba, kando ya soksi zangu za shule. Nilikuwa na miaka tisa na Kiswidi changu kilikuwa kimeshakipita cha Mama, kwa hiyo niliyasoma mabango yote kwa sauti, nao wakacheka na kunipa biskuti. Hakuna aliyenificha kwamba Mjomba alipenda wanaume. Ilikuwa habari ya nyumbani, kama ile ya Baba kurudi Tanzania kazini na sisi kubaki ili Mama amalize masomo ya uuguzi. Lakini habari hiyo ilikomea mlangoni petu.

Ilikomea hapo kwa sababu ya Jumapili. Siku hiyo waliokuwa na Kiswahili mjini walikuja kwetu kula wali: wanafunzi, wakimbizi wawili watatu kutoka Uganda, na Bwana Mhina, mwenyekiti wa Watanzania, mtu mpole mwenye koti zuri. Mjomba alikuja Sweden kusomea uhandisi kwa nafasi aliyopewa na serikali ya nyumbani, na Bwana Mhina ndiye aliyekuwa akiulizwa mwenendo wa wanafunzi. Neno lake moja lingetosha kumkatia mtu masomo. Mama alilijua hilo alipokuwa akipakua. Alijua pia kwamba katika kitabu chake cha chuo, kule Flemingsberg, watu kama Mjomba walikuwa kwenye sura ya magonjwa. Aliisoma sura hiyo mezani petu, huyo mgonjwa akiwa mbele yake anakatakata vitunguu.

Ndani ya kikundi chao cha kudai haki za wanaume kama Mjomba kulikuwa na waliotaka kuomba kwa adabu wavumiliwe. Mjomba hakuwa mmoja wao. “Kinachovumiliwa ni jino bovu,” alisema. Yeye alitaka nyumba yenyewe ibadilishwe: nani anapewa fleti na nani hapewi, nani anapika, kwa nini mtu asiye na mke ahesabiwe nusu mtu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, “Vizuri. Anza na sufuria hiyo, ina ukoko.” Naye akaiosha, huku akiendelea kuhutubia.

Majira hayo ya baridi gazeti moja likataka kuandika habari zao. Magazeti ya wakati ule yaliwapiga picha watu hawa kwa mtindo mmoja tu: mgongo, dirisha, moshi wa sigara. Mama akashukuru. “Hamza, mgongo unatosha. Mgongo hauna jina.”

“Dada, mgongo wangu haujafanya siasa yoyote.”

“Na masomo yako?”

Nilikuwepo kwenye chumba cha kufulia siku mwandishi alipokuja na mpiga picha wake. Mjomba aliongea mpaka mashine zetu zikasimama, na mwandishi akaandika kwa bidii. Kisha mpiga picha akamwomba ageuke atazame nje. “Nje kuna nini?” Mjomba akauliza. “Baiskeli tu.” Akabaki amewatazama, mikono ina wino, amevaa sweta la kijani alilofumiwa na Mama, lenye mstari mweupe kifuani. Kamera ikalia. Alifurahi siku hiyo kama mtu aliyetua mzigo, akanibeba mgongoni ngazi zote.

Gazeti lilitoka Jumamosi. Uso ulikuwepo, ila juu ya macho waliweka ukanda mweusi, kama wanavyowawekea wezi. Wala hawakuandika habari za fleti au za nani anapika. Waliandika kwamba kijana kutoka nchi ya joto anaganda peke yake katika jiji la baridi. Mjomba alisoma, akalikunja, akasema kwa sauti ndogo, “Peke yangu? Mbona sipati hata nafasi chooni humu ndani?” Mama hakucheka.

Jumapili Bwana Mhina alikuja mapema, peke yake, gazeti likiwa kwapani.

“Dada Rehema, huyu ni nani?”

“Umeshamjua, Bwana Mhina. Unaniuliza ya nini?”

“Mimi nimejua sweta. Macho sijayaona.” Akaliweka gazeti mezani taratibu. “Na wengine hawajayaona. Kijana aseme si yeye, basi. Sweta liliazimwa. Yataisha hapa hapa, tule wali wetu.”

Nakumbuka uso wa Mama ulivyolegea kwa shukrani. Ule ukanda, uliomuudhi tangu jana, sasa ulikuwa mlango wa kutokea. Akamgeukia mdogo wake, na hata mimi niliona macho yake yakimbembeleza. Mjomba alikuwa anafuta vijiko. Alimaliza kile alichokishika.

“Ni mimi, Bwana Mhina,” akasema. “Karibu ukae, wali uko tayari.”

Bwana Mhina alivaa koti lake bila hasira. Alionekana mtu aliyechoka. Masomo yalikatwa kabla theluji haijayeyuka, na Jumapili zetu zikawa za watu watatu na sufuria kubwa mno. Mjomba akapata kazi ya kuosha vyombo jikoni hospitalini, akaendelea kulala sebuleni kwetu, na Mama, ambaye hakumsamehe mwaka mzima, hakuacha kumpa nusu ya zamu yetu.

Watu kama Mjomba walishatolewa kwenye ile sura ya magonjwa. Siku hizi benki hutundika bendera za rangi za upinde wa mvua wakati wa maandamano ya kiangazi, na vijana wa kikundi cha zamani, walio hai, wana wajukuu na ndoa halali. Watu huniambia Mjomba alishinda. Mwezi uliopita nilikuwa kwake Upplands Väsby, namsaidia kuvaa soksi, simu ikalia. Walikuwa watu wa gazeti. Walitaka kumpiga picha, uso wazi, anacheka, kwa ukurasa wa wakongwe. Masikio yake yamechoka siku hizi, nikamrudia maneno yao kwa karibu. Akasema niulize kama wataandika habari za fleti, za wazee wanaokufa peke yao kwa sababu hawakuoa wala kuzaa. Binti wa gazetini akanijibu kwa upole kwamba nafasi ni ndogo na picha itajieleza yenyewe.

Mjomba alikuwa amekaa wima, miwani usoni, akitazama mdomo wangu.

“Mwambie nimelala,” akasema.

Nikamwambia amelala.