Mimi na Mbwa Wangu Tulivyonusurika na Dawa ya Kunguni

Ndugu zangu, mimi ni mama Anjelina, mkulima wa kijiji kiitwacho Ulaya, hapa Kilosa. Tulipohamia kijiji cha ujamaa tulikuja na vitanda vyetu, kunguni wetu, na mbwa wetu Jasiri. Nguruwe pori walikuwa wakimwogopa. Bila yeye mahindi yetu yasingefika ghalani.

Asubuhi moja mume wangu, Mateo, alitoa kitanda nje akakipaka dawa ya kunguni, ile ya maji inayonuka mafuta ya taa. Kuku akarukia kopo, likamwagika. Kabla hatujaliinua, Jasiri alikuwa ameshalamba, na manyoya ya kifuani yameloa.

Haikuchukua muda. Mate yakamtoka kama povu la sabuni, akatetemeka, akajiharia. Nikampakata, nikawa namfuta kwa khanga niliyovaa. Jirani akaja mbio na maziwa.

"Mnywesheni, yakate sumu!"

Mateo akataka kumtia vidole kooni. Bahati nzuri bwana mifugo alikuwa nyumba ya pili, anachanja ng'ombe. Alipaza sauti: "Acheni! Msimtapishe, mafuta ya taa yataingia mapafuni. Maziwa pia msimpe. Jifungeni nailoni mikononi, mumwogeshe kwa sabuni. Kopo liko wapi?"

Akalisoma kopo, akamchoma Jasiri sindano.

Mimi nilibaki na khanga ile mwilini. Jua halijafika utosini, jasho likaanza kunitiririka. Macho yakaingia ukungu, tumbo likanisokota, mate yakanijaa nikashindwa kuyameza. Nyama za mapaja zikawa zinachezacheza zenyewe. Nilijiharia mbele ya mama mkwe, na sikuwa hata na nguvu ya kuona aibu.

"Mwanangu, usifumbe macho," alikuwa akiniambia.

Mateo alinipakia kwenye trekta la kijiji, akaliendesha mwenyewe mpaka hospitali Kilosa, kopo kalichukua. Daktari akanimulika, mboni zangu zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Akanusa khanga.

"Mvueni nguo zote, mumwogeshe. Sumu imepita kwenye ngozi."

Wakanichoma sindano, wakarudia tena na tena, mpaka kinywa kikakauka kabisa. Nikaomba maji. Muuguzi akacheka kwa furaha: "Kukauka huko ndiko tulikokuwa tunakusubiri, mama. Dawa imeishinda sumu."

Mateo alipoingia wodini nilimuuliza, "Jasiri je?"

"Amesimama leo. Anayumba, lakini amesimama."

Nililia mpaka mto ukalowa.

Namshukuru Mungu, na wote walionihangaikia. Nanyi, mbwa akilamba dawa ya wadudu, msimpe maziwa wala mafuta, msimtapishe kwa kubahatisha. Kimbilieni kwa bwana mifugo, na kopo mlichukue. Na usimguse kwa mikono mitupu, hata ukiwa unampenda vipi. Siku ile Mateo naye angempakata Jasiri kama mimi, nani angeendesha trekta?