Mche wa Nyuma ya Banda la Kuku

Kosa langu lilikuwa kufuta jina la nchi.

Mimi ni fundi simu karibu na stendi ya Babati. Ufundi nilijifunza mwenyewe, na wateja wakipungua nilikuwa najisomea sheria kwenye simu. Kila nilichosoma nilikiandika upya kwa Kiswahili changu, nikakinyoosha mpaka kisiwe na neno la ziada. Siku hiyo nilisoma kuhusu nchi ya mbali ambako mtu mzima anaruhusiwa kuvuta bangi nyumbani kwake na kuotesha miche michache. Jina la nchi hiyo liliharibu mtiririko wa sentensi. Nikalitoa. Nikaisoma tena, nikaridhika.

Jioni, kule Nangara ninakopanga, nilimkuta mama mwenye nyumba anapepeta maharage uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umesoma nini, mwanasheria?"

Ndivyo alivyozoea kunitania. Nikamsomea. Ungo ukasimama.

"Kwa hiyo ule wa kuku hauna shida?"

Nyuma ya banda alikuwa na mche mmoja wa bangi. Kuku wakipatwa na kideri aliwalowekea majani yake kwenye maji ya kunywa, kama mama mkwe wake alivyomfundisha. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuta hata sigara. Nilipaswa kusema, ngoja kwanza niangalie sheria ya kwetu. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu aliyesoma, na nilipenda kutazamwa hivyo.

"Mmoja wa nyumbani hauna shida," nikasema.

Muda si mrefu ukaitishwa mkutano wa mtaa, akaja askari polisi kuzungumza juu ya vijana na bangi. Nilikaa nyuma. Alipouliza kama kuna swali, mama mwenye nyumba wangu akasimama, kajifunga khanga yake mpya.

"Afande, mnatutisha bure. Mpangaji wangu amesoma. Mmoja wa nyumbani unaruhusiwa. Mimi ninao, na wala sijifichi."

Watu wakacheka. Jirani mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana nikila mayai yako nasinzia." Kicheko kikazidi. Askari peke yake hakucheka.

"Uko wapi huo mche, mama?" akauliza kwa upole.

"Nyumbani. Twende nikuonyeshe."

Akatangulia yeye, mwendo wa mtu anayekwenda kushinda ubishi. Nilijikokota nyuma yao, na tulipofika kwenye banda ndipo sauti iliponitoka.

"Afande, mimi ndiye niliyemwambia."

"Ulisoma wapi?"

Nikampa simu. Akasoma ile sentensi yangu nzuri hadi mwisho.

"Hii sheria ni ya nchi gani?"

Nikamtajia.

"Hapa ni Babati," akasema.

Akatueleza kwamba kwetu kulima bangi ni kosa, kuwa nayo ni kosa, kuivuta ni kosa, na mwenye shamba anayeiacha imee naye ana kosa. Hata mche mmoja. Hata wa kuku. Alipotaja kifungo chake nilishika nguzo ya banda.

Mama alinigeukia. Ningevumilia matusi, lakini usoni mwake hapakuwa na hasira, palikuwa na mshangao mtupu.

"Si ulisema umesoma?"

Akapanda gari la polisi na khanga yake ya mkutanoni. Kuku wakabaki wanadonoa udongo pale mche ulipong'olewa.

Nilikwenda kituoni kutoa maelezo, na hayo sikuyanyoosha. Shemeji yake alimdhamini. Kesi bado inaendelea.

Siku hizi jina la nchi naliandika kwenye mstari wa kwanza. Nikirudi jioni namwamkia mama, naye ananiitikia. Haniulizi tena nimesoma nini.